Hilux ya mtumba: tazama injini ikiwa bado baridi

Anayetafuta pikapu ya mtumba hapa Tanzania kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni injini ipi isiyosumbua, na majibu huyapata haraka: mmoja atamwambia atafute Hilux yenye injini ya 3L au 5L (haya ni majina ya aina za injini za Toyota, si lita), mwingine atamtajia 1KZ, na aliyezoea kwenda mbio atamwambia asinunue chochote kisicho 1KD. Swali hilo ni la haki, lakini linahusu aina ya injini, ilhali fedha zako zinalipia injini moja tu, ile iliyofungwa katika gari lililosimama mbele yako, ambayo imekwisha kupita mikononi mwa madereva usiowajua. Mimi naishi Njombe, ambako pikapu ndizo hubeba viazi, mbao na mbolea, na ndugu na majirani huniomba niwasindikize wanapokwenda kutazama magari. Haya ndiyo ninayoyaangalia.

Injini zenyewe zinatofautiana sana. 3L ina ujazo wa sisi (cc) 2,779 na 5L ina sisi 2,986; hazina tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), na pampu ya dizeli katika matoleo yake ya kawaida haitegemei kompyuta, hivyo fundi wa mji mdogo anaweza kuihudumia kwa spana zake. Nguvu zake ni chache, na mlima wa Kitonga zitaupanda polepole mno zikiwa na mzigo, lakini huvumilia mengi. 1KZ-TE ya sisi 2,982 ina tabo na hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) ya aluminiamu, na adui yake mkubwa ni joto, kwa sababu ikichemsha mara moja tu hedi yaweza kupata ufa. Katika kizazi cha Hilux kilichoanza mwaka 2004 zilienea 2KD ya sisi 2,494 na 1KD ya sisi 2,982, ambazo ni D-4D: dizeli husukumwa kwa presha kubwa sana na kugawiwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Ni injini nzuri, zina nguvu na hazili mafuta mengi, ila hazisamehi dizeli chafu wala oili iliyopitiliza muda wake.

Sharti langu la kwanza kwa muuzaji ni kwamba gari lisiwashwe kabla sijafika. Nikifika naweka kiganja juu ya injini na kushika bomba la juu la rejeta, na nikikuta pana joto, naomba kurudi kesho yake asubuhi. Sababu ni kwamba injini ya dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini iliyochoka, ambayo ringi na valvu zake hazibani tena sawasawa, itawaka bila shida ikiwa imekwisha kupashwa moto. Jambo hili lina uzito zaidi kwa sisi wa nyanda za juu, kwa kuwa asubuhi ya Dar es Salaam ina joto la kutosha kuficha plagi za kupashia joto zilizokufa pamoja na presha ya kubana hewa iliyoshuka, na gari lililowaka kwa mguso mmoja kule pwani laweza kukataa kabisa likifika Makete mwezi Julai.

Kabla ya kuwasha nafungua kifuniko cha rejeta, jambo ambalo ni salama wakati huu tu. Kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) safi yenye rangi yake ni ushahidi kwamba mwenye gari alijali. Maji yenye kutu yanasema kwamba alikuwa akiongeza ya bomba, na kila anayeongeza maji mara kwa mara ana mahali yanapopotelea. Utando wa oili juu ya maji, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia oili, unatosha kukufanya uage na kuondoka. Weusi wa oili peke yake usikutishe, kwa kuwa oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa. Injini iliyooshwa ikang'aa huniongezea mashaka, maana vumbi lililokauka juu ya mvujo wa zamani lingenieleza mengi.

Injini ikishawaka, moshi una habari zake. Moshi mweupe unaonuka dizeli na kukoma baada ya muda mfupi unaelekeza kwenye plagi za joto au nozeli. Mvuke mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unaelekeza kwenye gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi kidogo unapokanyaga ghafla si jambo la kukosesha usingizi, hasa kwa injini isiyo na tabo katika miinuko ambako hewa ni nyepesi. Kisha nafungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiunguruma: mvuke mdogo ni kawaida, lakini ikiwa inapumua kwa nguvu, kwa mikupuo, gesi inapita pembeni ya pistoni, na matengenezo yake ni kuifungua injini nzima.

Kwa 1KD na 2KD kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Chini ya kila nozeli kuna washa ndogo ya shaba inayozuia gesi ya mwako isitoroke. Washa hiyo ikichoka, gesi hupenya na kuingia ndani ya injini, masizi yake yakachanganyika na oili, na uchafu huo ukashuka hadi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na kuziba chujio ambalo pampu ya oili hunyonya kupitia kwake. Dereva haoni kitu mpaka siku injini inaponoki njiani. Nimewahi kusimama gereji wakati sampu ya 2KD inashushwa: chujio lilikuwa limefunikwa na utando mgumu kama lami, na matundu yaliyobaki wazi yalikuwa upande mmoja tu, ilhali gari lenyewe lilikuwa limeingia pale likitembea vizuri. Washa hizo ni za bei ndogo sana ukilinganisha na injini. Kwa hiyo kwa injini hizi natazama taa ya oili inachukua muda gani kuzimika baada ya kuwasha, nauliza washa zilibadilishwa lini na nani, na muuzaji akikubali naomba sampu ishushwe kwa gharama zangu. Naomba pia gari lipimwe kwa kompyuta, kwa sababu inaonyesha kila nozeli inasahihishwa kwa kiasi gani. Moja ikiachana sana na wenzake, hesabu bei ya nozeli ndani ya bei ya gari.

Jaribio la barabarani lisiishie kuzunguka yadi. Panda kilima kirefu, kwa gia inayolazimisha injini kufanya kazi, huku jicho likiwa kwenye geji ya joto, kisha simama uiache iungurume. Mshale ukipanda hapo, uliza kuhusu rejeta na feni, na uulize pia kama thamostati (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea) bado imo, maana mafundi wengi wameizoea dawa ya kuing'oa, na kufanya hivyo kunaficha tatizo bila kuliondoa.

Kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi sizipi uzito mkubwa, kwa kuwa zinarudishwa. Namba ya injini naipa uzito: iliyochongwa kwenye bloku ilingane na ile iliyo kwenye kadi ya gari, kwa sababu injini iliyobadilishwa haina tena uhusiano na historia ya gari unayosimuliwa.

Umekubaliana bei, tenga fedha za mkanda wa taimingi. 3L, 5L, 1KZ, 2KD na 1KD zote zinautumia, ukikatika valvu hugongana na pistoni, na taa ya kukumbusha kwenye dashibodi mtu yeyote anaweza kuizima bila kuugusa mkanda wenyewe. Hata muuzaji akiapa kwamba ulibadilishwa mwaka jana, kama hana risiti uubadilishe pamoja na beringi zake kabla gari halijabeba mzigo wa kwanza.