Jinsi nilivyoichunguza bunduki iliyodaiwa kuwa ya Annie Oakley

Bunduki hiyo iliwekwa mezani kwangu asubuhi ya Jumanne ikiwa imeviringwa katika blanketi la mtoto, na mama wa makamo ya miaka sabini aliyeileta hakusema neno mpaka alipoifunua na kunionyesha bamba dogo la fedha ubavuni mwa kitako. Kwenye bamba hilo palichongwa kwa Kiingereza kwamba ilikuwa zawadi kwa Bi. Annie Oakley kutoka kwa wapenzi wa ulengaji wake, Chicago, 1893. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya vitu vinavyouzwa katika nyumba ya mnada hapa Dayton, Ohio, na nakiri kwamba mikono ilinitetemeka kidogo.

Annie Oakley ni mtu wa kwetu huku. Alizaliwa mwaka 1860 katika wilaya ya Darke, mwendo usiozidi saa moja na nusu kwa gari kutoka ofisini kwetu, akakua katika ufukara akiwinda na kuuza windo ili mama yake na ndugu zake wapate riziki, na mwaka 1885 akajiunga na maonyesho ya kusafiri ya Buffalo Bill, yaliyoigiza maisha ya magharibi ya Marekani, ambayo yalimfanya mlenga shabaha mashuhuri kuliko wanawake wote wa zama zake. Mwaka 1893 maonyesho hayo yaliweka kambi Chicago, kando ya uwanja wa Maonyesho makubwa ya Dunia, kwa hiyo maneno ya kwenye bamba yalioana vizuri na historia. Mwaka 2012 bunduki yake moja ya marisau iliuzwa mnadani Dallas kwa zaidi ya dola 140,000. Mkuu wangu wa kazi alikuwa na habari hiyo, na kabla ya chakula cha mchana alikwisha kuniuliza mara mbili iwapo kichwa cha habari kiko tayari.

Tatizo lilikuwa bunduki yenyewe. Ilikuwa bunduki ndogo ya kampuni ya Marlin, ya kaliba .22 (yaani ya risasi nyembamba), ya wenzo (mkono wa chini unaoshushwa na kupandishwa ili kuingiza risasi), iliyotengenezwa New Haven, Connecticut, nayo ilikuwa na parafujo kubwa ubavuni inayozungushwa kwa vidole mpaka bunduki nzima ikagawanyika vipande viwili na kuingia mkobani. Muundo huo wa kugawanyika ni wa modeli ya 1897. Hakuna aliyeweza kumzawadia mtu bunduki hiyo mwaka 1893, kwa kuwa ilikuwa bado haijatengenezwa.

Ningeweza kuishia hapo na kuandika kwamba bamba ni la uongo, lakini uso wa chuma ulinizuia. Sehemu yote iliyobeba mitambo ilikuwa na nakshi za majani yaliyojikunja, na katikati yake paa amesimama akigeuza shingo, kazi ya mkono uliozoea. Marehemu baba yangu alikuwa sonara Mombasa, Mji wa Kale, na jambo moja alilonifundisha nikiwa mtoto ni kwamba kila mchoro wa patasi huacha kingo mbili kali, na kingo hizo huwa butu pole pole kwa kushikwa na kufutwa, hata bangili iliyovaliwa miaka hamsini unaweza kuipapasa ukucha usikwame popote. Niliinamisha taa, nikashika kioo cha kukuzia, nikapitisha ukucha. Juu ya majani na paa ukucha uliteleza, na ndani ya mistari mlikuwa na weusi uleule wa kutu ya zamani ulioenea pembeni. Juu ya herufi za bamba ukucha ulikwama.

Kwa idhini ya mwenyewe nililegeza vijiparafujo viwili vya bamba. Halikuzamishwa katika mti, kama fundi wa kiwanda angefanya, bali lililazwa tu juu na kupindwa lifuate umbo la kitako. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu katika mti huo wa jozi, niliokuwa nimeuona tangu mwanzo ukikomea ukingoni mwa fedha. Nilipoinua bamba, mkwaruzo uliendelea chini yake, ukatokea upande wa pili. Basi bunduki ilitumika, ikakwaruzwa, ndipo bamba likawekwa.

Nikaandika barua kwa jumba la makumbusho ya silaha lililoko Cody, Wyoming, ambako huhifadhiwa daftari za Marlin za miaka ya 1883 hadi 1906 hivi, nao kwa ada hutoa nakala ya yaliyoandikwa kuhusu namba ya bunduki. Jibu lilikuwa fupi: bunduki ilitoka kiwandani mwaka 1898, ikiwa na nakshi. Jina la mpokeaji halikuwamo. Mwaka huo ulitufaa kwa sababu nyingine, kwani sheria ya Marekani ya 1968 huihesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na hivyo kupunguza makaratasi ya uuzaji.

Nilimwita yule mama, nikamweleza yote nikiwa nimemkabidhi kioo aone mwenyewe. Nilitarajia hasira. Alitazama herufi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nadhani zilichongwa na mtu wa kazi gani. Nilimjibu kwamba ni ndogo mno, zimebanana, na chini yake kuna mistari hafifu ya kuongozea mkono, kama majina yanayochongwa ndani ya vifuniko vya saa za mfukoni. Akarudisha kioo mezani. Babu yake, akasema, alikuwa fundi saa, na kila jioni ya mwaka mpya alikuwa akiwasimulia wajukuu siku aliyopelekwa Chicago akiwa kijana, akamwona Annie Oakley akivunja vigololi vya kioo hewani.

Mkuu wangu hakufurahi, na tulibishana juu ya neno «huenda», ambalo alitaka lisimame mbele ya jina na mimi sikulikubali. Mwishowe maelezo yalichapishwa hivi: Marlin ya modeli ya 1897, nakshi ya kiwandani, 1898, yenye bamba la fedha lililoongezwa baadaye na fundi saa wa Ohio kwa kumkumbuka Annie Oakley. Kulikuwa na mnunuzi aliyetaka bamba liondolewe kabla hajalipa. Mwenye mali alikataa, ikauzwa kwa mwingine kwa bei ya kawaida ya Marlin yenye nakshi, na vile vijiparafujo viwili nilivirudisha mimi mwenyewe, nikivikaza kwa vidole tu.