Taa za Ushongo

Mwaka 2021 nilikuwa likizo kwa mjomba, Ushongo, kusini ya Pangani, pale wanakijiji walipoona msururu wa taa ukikatiza angani baada ya magharibi. Kulipokucha mjomba alikwisha kushika daftari. Amekusanya habari za vyombo vya angani visivyojulikana tangu ujana wake, na sijapata kuona mtu anayewasikiliza wavuvi kwa subira kama yeye.

Ila swali lake la kwanza lilinishtua. "Kilikuwa cha duara, eti?" Alimwuliza kijana mmoja mbele ya wenzake waliokaa bandani. Kijana akafikiri, akasema ndiyo, kama duara. Wa pili naye akaliona duara. Kufika kwa wa nne, duara lilikuwa na madirisha.

Nikamvuta kando. "Mjomba, tuwaulize mmoja mmoja, na tusimtajie mtu umbo lolote."

"Unataka kuniharibia kazi, mpwa wangu?"

Nikamkumbusha habari ya Ruwa, kule Zimbabwe, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Tarehe 16 Septemba 1994, watoto 62 wa Shule ya Ariel, nje ya Harare, walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Siku mbili kabla, watu wengi wa kusini mwa Afrika walikuwa wameona moto ukipita angani, mabaki ya roketi ya Urusi yakiungua, na gumzo lilikuwa tele. Wachunguzi walifika siku chache baada ya tukio, watoto wakiwa wamekwisha kuzungumza sana wao kwa wao.

"Wale watoto hawakudanganya," akasema kwa ukali.

"Sijasema wamedanganya. Lakini nani leo atatenganisha alichokiona huyu na alichokisikia kwa yule? Sisi hapa bado tuna nafasi."

Akakubali kwa shingo upande. Tukawaacha wa bandani, tukapanda nyumba za juu ambako maneno hayajafika. Kila mtu alichora kwanza, peke yake. Kisha akatupeleka pale aliposimama, akatuonyesha kwa mkono taa zilikotokea na zilikopotelea, nami nikapima kwa dira ya simu. Duara halikutokea tena. Ilikuwa mistari mitupu: nukta zimefuatana, kimya, kutoka kusini magharibi, zikizimika moja baada ya nyingine upande wa mashariki.

"Starlink!" akasema jirani yetu, mwalimu wa fizikia. Nami niliona hivyo. Satelaiti hizo za intaneti za kampuni ya SpaceX zilikuwa zikirushwa hadi 60 kwa mkupuo, na siku za mwanzo huenda kwa foleni. Huku chini jua limeshazama, kule juu bado linazimulika, mpaka ziingie kwenye kivuli cha dunia.

Lakini mama mmoja mchuuzi wa samaki hakuchora mstari. Alichora taa moja nyekundu, imesimama chini juu ya maji, upande wa kisiwa cha Maziwe.

"Karabai za dagaa," mwalimu akakata shauri, hata kabla hajamwuliza saa.

Nahodha mmoja mzee akatikisa kichwa. "Mwalimu, jana mbalamwezi. Nani atatoka kuvua dagaa?" Dagaa huifuata taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu, boti hubaki ufukweni.

"Basi ni meli."

Inawezekana kabisa. Ila hakuna aliyeiona meli, na yule mama ameikabili bahari hiyo maisha yake yote. Nilikasirika kuona ushahidi wake unasukumwa kando kwa haraka ileile iliyozaa duara asubuhi.

Niliandika kurasa mbili. Ya kwanza: msururu wa taa, satelaiti. Ya pili: taa nyekundu, haijajulikana, pamoja na saa, upande na mchoro wake. Nikawaomba wote wawili watie saini. Mjomba alisaini ya pili, akaisogeza ya kwanza pembeni. Mwalimu alisaini ya kwanza tu. Nikabandika zote mbili daftarini, saini hizo hizo moja moja, na yule mama akaweka dole gumba chini ya mchoro wake.