Siku Babu Alipovua Kofia Ngosi

Babu mzaa mama alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, na kwa watu wa Rungwe hilo si jambo dogo. Wamisionari wa Moravian walifika kwetu mwaka 1891, na ukoo wetu uliingia kwenye imani hiyo mapema. Ibada ya jioni nyumbani kwa Babu haikuwahi kukosa wimbo wa Kinyakyusa. Kwa hiyo nilipokuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri matokeo, akaniambia, "Jiandae, kesho tunapanda Ngosi," mlima wenye ziwa la volkano ndani yake, nilijua haendi kutambika. Nilijua pia kwamba mzee wa umri ule hapandi mlima kwa kutafuta upepo.

Tuliondoka Tukuyu alfajiri kwa kosta ya Mbeya, tukashuka Isongole. Ilikuwa Julai, baridi inauma masikio. Kina mama walishapanga lumbesa za viazi kando ya lami, na kijana mmoja anayeongoza wageni akatufuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Njia ikoje?"

"Utelezi upo kidogo, lakini inapitika."

Bodaboda zilitufikisha mashamba yanapoishia, kisha tukaingia msituni kwa miguu. Msitu ule wa Milima ya Poroto ni mnene tangu hatua ya kwanza: mianzi, migomba mwitu yenye majani mapana kuliko ya nyumbani, miti mirefu inayodondosha matone hata kama mvua hainyeshi. Mbega walikuwa wakiruka juu kwa juu, hatuwaoni vizuri, tunaona mikia myeupe tu. Babu alipanda polepole na fimbo yake, bila kuomba kupumzika.

Katikati ya mlima kijana akasimama ghafla, akanyoosha kidole. Kwenye kijiti, usawa wa kifua changu, alikuwepo kinyonga dume mwenye pembe tatu, moja puani na mbili mbele ya macho. Kinyonga huyu ni wa milima yetu hii ya kusini, huwezi kumkuta Kilimanjaro wala Usambara. Watu wengi wa kwetu wanamwogopa kinyonga. Mama yangu akimwona anabadili njia. Babu aliinama mpaka miwani ikakaribia kijiti. Nikasogea na mimi. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili, vimekibana kijiti huku na huku. Jicho moja lilitutazama sisi, lingine lilikuwa linazungukia nyuma kutafuta njia. Ngozi ya ubavuni ilipanda na kushuka kwa pumzi. Babu akasema, "Mwacheni, yuko kwake," tukapita.

Ukingoni tulikuta ukungu. Kilele cha mlima kinafika mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini kabisa ya ukuta, kwa hiyo ukungu ukiingia kwenye shimo lile huoni hata dalili ya maji. Walikuwepo vijana wa chuo kutoka Mbeya, wana spika ndogo inayopiga muziki, wanapiga kelele ili mwangwi uwarudie. Mmoja alikuwa ameshika jiwe la kutosha kiganja, anajipanga kulirusha.

Nilidhani Babu atafoka. Nyumbani alikuwa mkali. Badala yake akawasalimia, wakamwamkia, akaomba wazime muziki kidogo waongee. Wakazima. Yule mwenye jiwe akabaki nalo mkononi.

"Ziwa hili halikuzaliwa hapa," Babu akaanza. Akasimulia kama ilivyosimuliwa upande wetu, maana kila ukoo una namna yake. Zamani ziwa lilikuwa huko chini, jirani na watu. Lilikuwa linameza ng'ombe waliokwenda kunywa, kisha likaanza kumeza watu. Wazee wakakaa, wakamwita mjuzi wa dawa. Akaweka jiwe kwenye moto mpaka likaiva likawa jekundu, akalitupa majini. Maji yakachemka, yakanguruma, ziwa likang'oka na kukimbia. Likatafuta mahali pa kukaa, kila linapotua halipati amani, mpaka likapanda huku mlimani ambako hakuna mtu. "Lilifukuzwa kwa jiwe," akasema. "Ndiyo maana ukija hapa hurushi jiwe, na hupigi kelele. Aliyefukuzwa akapata mahali pake humfuati tena kumchokoza."

Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja akauliza, "Babu, na dhahabu ya Wajerumani? Tunaambiwa waliificha humu, inalindwa na nyoka."

Babu akasema hadithi ya nyoka ameisikia tangu utotoni na hawezi kuikana wala kuithibitisha. Ila habari za Wajerumani anazozijua yeye ni za ziwa lingine, Kisiba, kule Masoko, ambako walikuwa na boma lao. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafikia, mwaka 1916, Waingereza waliingia kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na Wajerumani wakaiacha Tukuyu, ambayo wao waliiita Neu-Langenburg. Watu wa Masoko wanasema kabla ya kuondoka walimwaga fedha na silaha ziwani. Babu mwenyewe, akiwa kijana, aliwaona wenzake wakizamia kutafuta sarafu. Hakueleza zaidi. Vijana walitaka aendelee na hazina, lakini yeye alikuwa ameshageukia bonde.

Upepo ulikuwa umeanza kuvuta ukungu. Ukuta wa ng'ambo ukaonekana kwanza, wima, umejaa miti mpaka chini, halafu maji. Nimesoma baadaye kwamba ziwa lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi na kina cha zaidi ya mita 70, na hakuna mto unaotoka humo. Siku ile sikuwaza vipimo. Rangi ndiyo iliyonishika. Upande wa kivulini maji yalikuwa kijani kizito, upande wa jua bluu, na mpaka kati ya rangi hizo ulikuwa unahama kadiri mawingu yanavyotembea. Wanaosema ziwa hili hubadilika rangi wanasema walichokiona kwa macho.

Babu akavua kofia. Akasali kwa Kinyakyusa, sala fupi, akimtaja Kyala, yaani Mungu, kama alivyomtaja kila jioni sebuleni. Yule kijana akainama, akalilaza jiwe lake kwenye shina la mti.

Chuoni nilikuja kujifunza kwamba Ngosi ni volkano ambayo kilele chake kiliporomoka ndani, shimo likajaa maji, na kwamba mlipuko wake wa mwisho unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1450. Moto bado uko chini. Ndiyo maana wataalamu wa jotoardhi wanalifuatilia eneo hili kwa ajili ya umeme. Sikuona kwamba somo lile limemshinda Babu. Katika nchi ya namna hii, ambayo imetobolewa na maziwa ya volkano kila upande, Kisiba, Ikapu, Kingili, Itamba, sishangai watu kusimulia jiwe jekundu na maji yanayonguruma. Na ninaamini kwa moyo wote kwamba hadithi hizi zimelilinda Ngosi kuliko kibao chochote cha katazo. Mtu anayekatazwa na kibao husubiri askari apite. Anayeamini kwamba ziwa linaweza kuhama hahitaji askari.

Kijana wetu alitushusha baadhi yetu mpaka majini, kwa kushika mizizi, maana njia ni ya kusimama wima. Babu alibaki juu. Kwenye ukingo wa maji nilikuta chungu kilichopasuka mdomo na sarafu chache za shilingi zilizoanza kubadilika rangi. Kijana akasema waganga wa jadi huja huku kuchota maji na kuchuma dawa, na huwa hawapendi kukutwa. Hatukugusa kitu. Mimi niliingiza mkono majini mpaka kwenye kifundo, nikautoa, nikaanza kupanda.

Tulirudi Isongole mchana tukiwa na njaa kali, tukala viazi vya kuchemsha na maharage kwa mama lishe, Babu akiwaeleza wale vijana namna ya kufika Masoko kwa gari moja.

Habari ilitutangulia kanisani. Jumapili, baada ya ibada, wazee walikuwa wanahesabu sadaka ofisini na mimi nawasaidia kuandika. Mmoja wao, mtu mpole lakini mwenye msimamo, akauliza bila kuinua macho, "Mzee mwenzangu, tumesikia umekwenda ziwani. Ulikwenda kufanya nini kule?"

"Nilikwenda kusali," Babu akajibu, "na kumwonyesha mjukuu wangu. Twende wote Agosti, kabla mvua hazijaanza."

Yule mzee akafikiri kidogo, akauliza nauli ya kosta mpaka Isongole ni shilingi ngapi.