Nukta tatu kifuani: nilivyofuatilia hatari ya saratani ya titi baada ya kupona limfoma

Nina nukta tatu za wino mwilini. Moja iko katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, na mbili ziko ubavuni, kulia na kushoto. Ni ndogo mno, asiyejua atadhani ni alama za kuzaliwa. Nilichorwa kwa sindano nikiwa na miaka 19, ili kila nilipolala chini ya mashine ya mionzi wataalamu wanilenge palepale pa jana. Miaka 13 baadaye daktari niliyekutana naye kwa mara ya kwanza, aliyekuwa akinisikiliza mapafu kwa sababu ya kikohozi, aliiona ile ya katikati. Akatoa kifaa chake masikioni.

"Dada, ulipigwa mionzi ya nini?"

Nikamwambia ni limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, ya zamani, nilishapona. Akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Na matiti unayapima kila mwaka?"

Sikuwahi kuyapima hata mara moja. Nilikuwa na miaka 32, hakuna mwanamke katika ukoo wetu aliyewahi kuugua saratani ya titi, na siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali nilikotibiwa niliambiwa tu nirudi nikiona uvimbe shingoni. Daktari akavuta kiti, akanieleza taratibu. Msichana anayepigwa mionzi ya kifua, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, titi lake bado ni changa na chembe zake zinagawanyika kwa kasi, hivyo madhara ya mionzi kwenye vinasaba hubaki humo kimya kwa miaka. Uvimbe ukija, kwa kawaida huja baada ya miaka minane na kuendelea. Miongozo inataka wanawake kama mimi wapigwe mamogramu (eksirei ya titi) na MRI (picha ya mashine ya sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 8 baada ya mionzi, au kuanzia umri wa miaka 25, kinachokuja mwisho kati ya hivyo viwili. Nilipaswa kuanza nikiwa na miaka 27. Miaka mitano ilikuwa imeshapita.

Kisha akanipa kipimo cha ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa walioponywa limfoma ya Hodgkin kwa mionzi ya kifua wakiwa watoto au vijana, takriban mmoja kati ya watatu hupata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 50. Hatari hiyo inakaribiana na ya mwanamke aliyerithi kasoro ya jeni ya BRCA1. Nilitoka pale miguu ikinitetemeka, na hasira pia nilikuwa nayo, siifichi. Lakini anayesoma haya akiwa kwenye matibabu sasa asiogope mionzi kwa sababu yangu: siku hizi eneo linalopigwa ni dogo zaidi, dozi imepunguzwa, na wengi hawapewi mionzi kabisa. Mimi mwenyewe sijutii. Bila matibabu yale nisingefika miaka 32 ya kuulizwa swali.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata kumbukumbu zangu. Faili kuu halikuonekana. Nilirudi mara tatu, mara ya nne nikaelekezwa idara ya mionzi, ambako wana rejesta yao wenyewe. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa mama: alikuwa ameihifadhi karatasi ya kuruhusiwa hospitali ndani ya bahasha ya vyeti vyangu vya shule, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Daktari akaisoma mstari kwa mstari huku akinieleza kila namba ina kazi gani.

Dripu za ABVD, mchanganyiko wa dawa nne za saratani, mizunguko minne. Ndani yake doksorubisini, jumla miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Dawa hii moyo huihesabu maisha yote. Madaktari wengi hawapendi jumla ivuke 450 au hapo karibu, kwa hiyo atakayenitibu kesho lazima ajue nimeshatumia kiasi gani. Bleomisini, nayo ni mojawapo ya zile nne: inaweza kudhuru mapafu. Mionzi grei 36 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), shingo, makwapa na katikati ya kifua: matiti, moyo na tezi ya shingo inayotoa homoni (thairoidi) vyote vilikuwa njiani. Alinipima homoni za thairoidi wiki hiyohiyo zikakutwa chini, na uchovu niliouzoea kwa miaka ukaanza kuondoka nilipoanza vidonge. Akaniuliza pia kama hedhi ilirudi baada ya matibabu. Ilirudi, kwa wakati wake. Kumbe wanawake ambao dawa zilisimamisha ovari zao mapema hatari yao ya titi hupungua, kwa kuwa titi halipati tena homoni za kuuchochea uvimbe. Kwangu upungufu huo haukuwepo.

Mwaka wa kwanza vipimo vilikuwa safi. Wa pili pia. Mwaka wa tatu mamogramu haikuonyesha kitu, lakini MRI ilionyesha doa upande wa kushoto: uvimbe wa milimita 11. Niliupapasa usiku ule mpaka nikachoka, sikuugusa. Hata daktari wa upasuaji hakuugusa. Kujipapasa ni kuzuri, lakini kwa mtu mwenye historia kama yangu hakutoshi.

Wiki mbili za kusubiri majibu ya kipande kidogo kilichotolewa kwenye uvimbe ndizo zilizonifundisha kununua daftari. Kichwani mambo yalikuwa yamechanganyikana: mionzi, ukoo, kutozaa, homoni, na maneno ya watu kuhusu sidiria na simu ya kifuani, ambayo hayana msingi wowote. Nikaandika ukurasa wa kushoto "Kwa nini?" na wa kulia "Itakuwaje?" Sijui nilitoa wapi wazo hilo, ila ndilo lililonipa usingizi. Upande wa kushoto ni wa vihatarishi, vitu vinavyoongeza uwezekano wa kuugua. Upande wa kulia ni wa mwelekeo wa ugonjwa ukishaingia. Watu wengi huchukua habari za kushoto wakazisomea hukumu ya kulia, na mimi nilikuwa mmoja wao: niliamini kwamba saratani iliyotokana na mionzi lazima iwe kali kuliko nyingine.

Majibu yalipotoka, daktari wa saratani alichukua kalamu yangu akaandika ukurasa wa kulia. Ukubwa: sentimita 1.1. Tezi za kwapa: hakuna iliyofikiwa, na hilo lingethibitishwa kwenye upasuaji. Daraja: 2 kati ya 3, yaani chembe zimeacha umbo lao la kawaida lakini hazijavurugika kabisa. Vipokezi vya estrojeni na projesteroni: vipo. HER2, protini inayochochea uvimbe kukua: haipo kwa wingi. Akanionyesha hesabu iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza, ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu: ukubwa kwa sentimita mara 0.2, jumlisha alama ya tezi, jumlisha daraja. Tezi safi ni alama 1. Nikapiga mwenyewe: 0.22, jumlisha 1, jumlisha 2. Ikaja 3.22. Asiyezidi 3.4 yuko kundi lenye mwelekeo mzuri. Katika hesabu ile mionzi haikuwa na alama yake, wala ukoo, wala kutozaa.

Nikakumbuka limfoma nayo ilikuwa hivyohivyo, ila nikiwa na miaka 19 hakuna aliyenieleza. Waliniuliza kuhusu homa na jasho la usiku kila nilipokutana na daktari, nikadhani wanatafuta chanzo. Kumbe walikuwa wanapima mwelekeo: jasho la kulowesha shuka, homa ya kuvuka nyuzi 38, kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi sita, maeneo mangapi ya tezi yameguswa, uvimbe wa katikati ya kifua una upana gani, chembe nyekundu zinatuama kwa kasi gani kwenye kipimo. Chanzo ni suala jingine. Kwa wengine virusi vya Epstein-Barr huhusika, kwa wengine kinga ya mwili iliyoshuka, na kwa wengi jibu halipatikani.

Ukurasa wa kushoto haukuwa bure lakini. Ndio ulioamua matibabu. Mwanamke mwingine mwenye uvimbe kama wangu angetolewa uvimbe peke yake, kisha apigwe mionzi na kubaki na titi lake. Kifua changu kilishapokea grei 36, madaktari hawakutaka kukipiga tena, na titi la kulia nalo lilikuwa na historia ileile. Nilikaa na uamuzi huo wiki tatu. Nikachagua kuondolewa yote mawili. Sisemi ndio uamuzi sahihi kwa kila mtu. Wapo wanaobaki na moja na kuendelea na MRI, na wako sawa. Mtaalamu wa usingizi alipoona neno bleomisini kwenye karatasi yangu alinishukuru, akasema atakuwa mwangalifu na kiwango cha oksijeni. Nisingeipata ile karatasi, nisingeweza hata kulitamka jina la dawa.

Mdogo wangu aliniuliza swali lake korido ya wodi, kwa sauti ya chini: "Dada, na mimi nitapata?" Kwa kuwa nilikuwa kijana, nilipimwa BRCA1 na BRCA2, hazikuwa na kasoro. Nilimweleza kwamba kihatarishi changu kikubwa ni mionzi, na mionzi hairithiwi. Nikamwambia pia wanawake wengi wanaopata saratani ya titi hawana ndugu aliyeugua, kwa hiyo umri wa kupimwa ukifika aende kama mtu mwingine yeyote. Alilia kidogo, nikamshika mkono, wangu wenye dripu ukiwa juu ya wake.

Jambo lililonishinda zaidi lilikuja baadaye, na hakuna aliyenitahadharisha. Nilipoanza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia estrojeni isichochee saratani ya titi, nikaamka usiku shuka limelowa. Kwa dakika kadhaa nilikuwa na miaka 19 tena. Jasho la usiku ndilo lililonipeleka hospitali mara ya kwanza, na sasa dawa ya titi inaniletea dalili ileile ya limfoma. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikipapasa shingo, kwapa, kinena. Nilipofika kliniki, muuguzi alinipa utaratibu ninaoufuata hadi leo: kipimajoto kando ya kitanda, mizani kila Jumapili asubuhi, mstari mmoja kwenye daftari. Jasho la dawa huja kama wimbi la joto, hata mchana, na homa hamna. Kama joto linavuka 38, au uzito unashuka bila sababu, au tezi inatokeza na haiondoki, napiga simu siku hiyohiyo. Huu ni mwaka wa tatu. Usiku mwingi nabadilisha shuka, nasoma kipimajoto, naandika 36.6, nalala.

Wodini wakati wa limfoma tulikuwa wawili wa rika moja, vitanda vimepakana, tukipelekwa mionzini kwa zamu. Tulikuwa tumepotezana. Nilimtafuta miezi miwili kupitia watu, nilipompata sikumsalimu hata vizuri, nikamuuliza: "Matiti unayapima?" Kimya. Nikamsomea karatasi yangu yote kwenye simu, nikamwambia aanzie idara ya mionzi, asianzie masjala.

Jana amenitumia picha ya ukurasa wa rejesta, jina lake na grei 36. MRI yake ya kwanza ni Jumanne. Ameniomba nimsindikize.