Yule Kijana wa Dirishani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nilikuwa nimejiandaa kuwaandikia habari za shukrani, lakini tangu Jumatano jioni moyo wangu unanishtaki, na nimeona heri niseme.

Nilitoka Kariakoo saa 12 jioni kurudi Gongo la Mboto. Mnaoipanda njia ile mnaijua hali ya saa hiyo: watu wananing'inia mlangoni, na konda bado anagonga bati, "Tusogee nyuma, tusogee!" Nilipata siti kwa neema tu. Dirishani alikaa kijana mmoja, miguu ameitanua hadi nusu ya siti yangu. Dirisha kalifunga na joto lote lile. Simu yake inaimba kwa sauti ya juu, yeye anaongea peke yake, anacheka, anamenya chungwa, na maganda yanadondokea viatuni mwangu. Mpaka Tazara nilivumilia. Tulipokwama kwenye foleni karibu na Uwanja wa Ndege, nikashindwa. Nikamwambia, na gari zima likasikia, "Wewe kijana, mama yako hakukufunza adabu?"

Watu wakacheka. Akanitazama, akageukia kioo, akaendelea na chungwa lake. Aliposhuka Banana alinikanyaga na hakusema samahani.

Niliposhuka mimi, nikasikia, "Shikamoo, mama." Alikuwa binti wa kwaya, niliyemfundisha kipaimara mwenyewe. Muda wote alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika bomba. Nikaitika marahaba. Hakuongeza neno, nami sikuwa na la kumwambia.

Usiku ule nikamkumbuka Hana wa kwenye Biblia, alipokuwa akiomba kule Shilo. Midomo yake ilicheza bila sauti kutoka, na kuhani Eli akadhani amelewa, akamkaripia. Hana akajieleza: "Mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni mwangu." Eli akageuka, akambariki. Tunaipenda habari hii kwa sababu inatupa jibu. Ningependa kuwaambia kwamba na mimi baadaye nilijua kijana yule ametoka msibani, au anauguza mtu. Sikujua. Pengine ana jambo zito, pengine hana lolote, ni mtu asiyejali wenzake tu. Hapo ndipo Neno liliponibana, maana Paulo hakuwaambia Wakolosai wachunguze kwanza sababu. Alisema, "mkichukuliana, na kusameheana, mtu akiwa na sababu ya kumlaumu mwenzake." Sababu ya kumlaumu ipo! Maganda yalikuwepo viatuni mwangu. Na bado naambiwa nimchukue.

Kuchukuliana, ndugu zangu. Hebu litazameni neno lenyewe. Kuchukua ni kubeba, na kinachobebwa kina uzito. Daladala inatuchukua sote, mwenye harufu ya samaki wa Feri na mwenye manukato, na hakuna anayeulizwa tabia yake mlangoni. Mimi niliyebebwa na Kristo na uzito wangu wote, miaka yote hii, nilishindwa kumbeba mtoto wa mwenzangu kutoka Tazara mpaka Banana. Na neno la kumwambia nilikuwa nalo. Ningesema, "Mwanangu, nisaidie maganda haya." Mwanangu! Neno moja tu, na kijana angeonywa bila kuvuliwa nguo mbele za watu. Badala yake nilimtukania mama yake, mwanamke nisiyemjua, ambaye huenda amelala kaburini.

Wala sisemi tunyamazie kila kitu. Mwanamume anayemsogelea mwanafunzi wa kike kwenye msongamano, huyo akemewe, na akina mama tuwe wa kwanza kumvuta binti upande wetu. Hilo halina mjadala.

Lakini niseme na sisi tuliookoka, maana tunapowasema abiria wengine huwa tunajitoa. Nani huwasha mahubiri kwenye simu saa 11 alfajiri, gari zima lisikilize, wakati yupo aliyetoka zamu ya usiku anayetafuta usingizi wa nusu saa? Nani hufumba macho kama anaomba pale mzee mwenye fimbo anapopanda? Tumefanya hivyo, wapendwa, na Biblia tumezipakata. Tubuni, nami natubu pamoja nanyi. Umekaa na mwenzako amesimama na mzigo? Mwambie, "Lete nikushikie." Mama ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi? Mpakate mmoja, hata akikuchafua gauni la ibada. Hayo hayahitaji karama wala kipaza sauti, na watu wanatusoma humo kwenye siti kabla hawajafika kutusikia kanisani.

Jana nimemtafuta binti wa kwaya nikamwomba msamaha. Alilia, nami nikalia. Akaniambia kwamba alicheka pamoja na wale wengine, na kwamba tangu siku ile hakuwa na amani. Tukaomba pamoja pale pale uani kwao.

Kijana mwenyewe sijui pa kumpata. Kila jioni napanda njia ile ile, na macho yangu huanzia siti za dirishani. Jina lake silijui, ila Bwana analijua. Mkumbukeni nanyi katika maombi yenu, yeye na mama yake.