Walinunua fremu, wakaiacha sura

Mwaka 2006 watu wengi wa Tabora wanaukumbuka kwa mgao wa umeme, mi naukumbuka kwa mnada. Nilikua nakaa kwa mjomba wangu mtaa wa Ng'ambo, fundi seremala, nimemaliza kidato cha nne sina pa kwenda, ananifundisha kazi huku tunasubiri umeme urudi mashine ya randa izunguke, na umeme wenyewe siku zingine unakuja saa sita usiku, tunaamka tunaanza kuranda, majirani wanalalamika. Basi Alhamisi moja ikapita pikapu na spika mbili juu inatangaza mnada wa vitu vya ndani, nyumba ya zamani karibu na soko kuu, Jumamosi saa nne kamili, pesa taslimu, kilichouzwa hakirudi.

Nyumba hiyo kila mtu alikua anaijua. Ilikua ya familia ya Kihindi, wafanyabiashara wa kitambo sana pale mjini. Mzee wa mwisho alikua amefariki, watoto wake wengine Dar wengine Kanada, wakampa dalali mmoja kazi auze kila kitu cha ndani alafu ndo wauze nyumba yenyewe. Dalali anafahamiana na mjomba, akamuomba vijana wa kubeba, nikaenda mimi na mwenzangu wa karakana, elfu tano kwa siku na chakula cha mchana.

Ijumaa ilikua siku ya watu kuja kukagua. Mjomba akaja na mimi, na kiukweli siku ile moja nilijifunza kuliko miezi yote niliyokua nimekaa karakana. Tumeingia tu, sebule inanukia kafuri na vumbi, katikati kuna bembea, sio ya watoto, bembea ya mbao ya watu wazima inaning'inia darini kwa minyororo ya shaba, ubao wake umelainika katikati kwa miaka ya watu kukaa hapo jioni. Mjomba akaushika mnyororo akausukuma kidogo, haukulia hata kidogo. Akanyamaza muda mrefu.

Alafu tukaenda kwenye kabati. Kabati la mninga, milango miwili, droo nne chini, kioo kirefu katikati. Akaniambia vuta droo, angalia kwenye kona. Nikaona yale meno ya mbao yaliyoingiliana, mengine manene, mengine membamba. Akasema mjomba, meno ya mashine yanafanana yote kama ya kitana, haya hayafanani kwasababu kuna mtu alikaa na msumeno na patasi akayakata moja moja. Akanipitisha nyuma ya kabati, weka kiganja, pitisha, unasikia mawimbi? Nikasikia. Ile ni randa ya mkono. Hata skrubu, mfereji wa kichwani haujakaa katikati. Akatoa spiriti kidogo kwenye kitambaa akagusa sehemu ya chini isiyoonekana, rangi ikaanza kunata, akasema hii sio vanishi ya dukani hii ni sheleki, inatokana na wadudu wa kule India, na mtu ameipaka mikono mingi mingi, siku nyingi, kwa subira. Mninga ni mti wetu huu huu wa miombo, ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na ukishakauka vizuri haupindi. Lile kabati limekaa miaka yote hiyo na milango bado inafunga kwa kidole kimoja.

Ndani ya droo ya chini, chini ya karatasi iliyotandikwa, nikakuta sarafu ya njano imechakaa, 20 heller, 1916, ina herufi T. Mjomba ndo akaniambia hiyo T ni Tabora, kwamba wakati wa vita ya kwanza Wajerumani walikosa sarafu wakaanza kuzigonga hapa hapa mjini, za shaba na hata za dhahabu zenye picha ya tembo, mpaka Wabelgiji walipouchukua mji mwezi wa tisa mwaka huo huo. Nilimpa dalali, akaitia kwenye boksi la vijiko. Bado inaniuma.

Picha zilikua kwenye korido. Nne. Mjomba alikua anatembea na kioo chake cha kukuzia, anakitumia kusomea msahafu maana macho yalishaanza kuchoka, akakitoa akanipa. Ya kwanza ilikua mfalme wa Uingereza, George wa Sita, nguo za kijeshi na nishani kifuani, fremu nene ya rangi ya dhahabu. Nikaweka kioo, nikaona vidoti, vidoti vidogo vidogo vingi vya rangi vimepangana, uso wote wa mfalme ni vidoti. Hiyo ni ya kiwandani, mjomba akasema, zilichapwa nyingi. Ya pili na ya tatu ni mama mmoja amejitanda pachedi, ule mtandio wa Kihindi, na kijana wa kiume kama miaka kumi, hizo zilikua picha za kamera za zamani ambazo mtu amezipaka rangi kwa mkono juu yake, mashavu, midomo, pindo la pachedi.

Ya nne ndo ya mzee.

Hiyo haikua na kioo. Nikaisogelea na kile kioo cha mjomba, vidoti hamna, kuna matuta. Unaona brashi ilipopita, unaona mahali alipobonyeza na mahali alipoinua, ndevu zimechorwa unywele kwa unywele. Rangi imepasuka vimstari vyembamba kama tope la mbuga mwezi wa tisa. Mzee amevaa kofia nyeusi na koti la vifungo mpaka shingoni, amekaa, kidole gumba chake kimebana ukurasa wa daftari la hesabu kama mtu aliyeitwa ghafla na hataki kupoteza mahali alipofikia. Kwenye kona ya chini kuna maandishi madogo ya Kigujarati. Tukaigeuza, kitambaa kizito kama turubai kimevutwa kwenye mbao na kupigiliwa misumari midogo yenye kutu. Mjomba akasema huyu mtu alikaa mbele ya mchoraji, mchoraji akamtazama, sio mara moja, siku kadhaa. Basi. Akairudisha ukutani akainyoosha.

Jumamosi watu walijaa. Mpiga mnada kapanda juu ya meza ya jikoni, spika inakula betri ya ile pikapu. Vyombo vikaenda haraka, masufuria, sahani, mapipa, mashuka, sina haja ya kuvisimulia. Mimi kazi yangu ilikua kuinua kila kitu watu wakione au kama kizito kukisogeza mbele.

Fanicha zilipoanza nikagundua kitu. Wale wauza fanicha watatu wakubwa wa mjini wamekaa pamoja chini ya mwembe na anayeongea ni mmoja tu, wengine wanaangalia simu. Kabati la mninga likaanza elfu hamsini, akataja sitini, mwalimu mmoja akasema themanini, yule akasema tisini, mwalimu akaishia hapo. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, limekwenda. Elfu tisini! Baadae nalibeba kulipeleka nyuma ya ukuta nawakuta wale watatu wamesimama wanafanya mnada wao wenyewe, pole pole, bila spika, mia na ishirini, mia na hamsini, mpaka laki mbili na kumi. Aliyelichukua akawapa wenzake elfu sitini sitini, ile laki na ishirini ya juu ikaishia mifukoni mwao badala ya kwenda kwa watoto wa marehemu. Miaka mingi baadae nilikuja kusoma kwamba huko Uingereza walitunga sheria mwaka 1927 kuzuia wanunuzi kupatana hivyo kabla ya mnada. Kwahiyo ni ugonjwa wa zamani na sio wa Tabora peke yake, ila siku ile nilikua nimelishika lile kabati kwa mikono yangu na nilijua lina thamani gani.

Bembea ilichukuliwa na mama mmoja mwenye gesti, laki na themanini, nzima na minyororo yake, kuna jamaa wa vyuma chakavu alikua anaipigia hesabu ya shaba tu na yule mama akampandia mpaka akakaa kimya. Mjomba alipiga makofi. Yeye mwenyewe alinunua viti sita vyeusi vya mbao zilizopindwa, elfu nne kila kimoja, watu wanaviita viti vya mgahawa. Chini ya kimoja kumegongwa jina, Thonet. Ni jina la fundi wa Kijerumani, Michael Thonet, aliyefanyia kazi Vienna, alikua anapinda mbao kwa mvuke, kiti chake maarufu cha 1859 kina vipande sita tu, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vikifunguliwa vilikua vinaenea kwenye sanduku la mita moja kila upande. Mjomba hakuyajua hayo yote, alikaa tu kwenye kimoja akajitikisa, akasema hiki hakina kosa.

Picha zikawekwa mwisho. Mfalme akagombaniwa kweli kweli, mwenye baa mmoja na mzee mmoja mstaafu, ikafika elfu ishirini na tano. Karatasi ya vidoti. Alafu nikamuinua mzee.

Kimya. Nimeinua mikono juu mpaka inatetemeka hakuna anayesema kitu. Mama mmoja mbele akasema, picha ya marehemu wa watu nyumbani kwangu ya nini? Mwingine akasema ukiitundika hiyo utaswali wapi, malaika hawaingii. Na mi sikuwashangaa, hata nyumbani kwetu ingekua hivyo hivyo. Mpiga mnada akashuka mpaka elfu tatu, hamna, ndo akasema, jamani basi nunueni fremu, fremu ya msaji hiyo, nawapa zote tatu kwa mpigo. Akatokea kaka mmoja anayetengeneza fremu za vyeti, elfu kumi na tano zote tatu, imekwenda.

Hakusubiri hata kufika dukani kwake. Akatoa koleo hapo hapo uani akaanza kung'oa misumari, mi nimeshika upande mmoja wa kitanda cha chuma na mwenzangu kashika upande mwingine, siwezi kuachia, namuona tu. Akachomoa kioo cha yule mama wa pachedi, karatasi ikachanika kona. Akamtoa mzee na ile kitambaa yake akamuegesha ukutani, upepo ukamuangusha kifudifudi, na kreti la soda likaja kuwekwa juu yake. Tulipokitua kitanda nikarudi mbio nikalitoa kreti.

Nikamuuliza, kaka, hizi vipi sasa? Wala hakua na ubaya, alinijibu vizuri tu. "Chukua mdogo wangu, mi nimenunua mbao."

Nilikaa nazo pale nimezishika zote tatu. Kabati likihama nyumba hakuna anayeuliza lilikua la nani, unaweka nguo zako linakua lako. Sura haihami hivyo, mzee yule ana nyumba moja tu duniani na ndo hiyo tuliyokua tunaimaliza kuitoa vitu. Nikampelekea mjomba. Akaipangusa tope na mkono wa kanzu yake. Akasema, mi siwezi kuitundika ninaposwali, ila kuitupa sura ya mtu nayo siwezi.

Akamfata dalali akamwambia wapigie wenyewe. Dalali akasema wenyewe wamesema uza kila kitu. Mjomba akasema wapigie. Akapiga, akapokea binti wa marehemu aliyeko Dar, mama mtu mzima, dalali akanipa mimi simu nieleze. Shikamoo mama. Marahaba. Nikamwambia kuna picha tatu za korido. Akasema hizo si alichukua kaka yangu? Nikasema hapana mama, ninazo hapa. Akanyamaza. Baadae akaniambia walivyokuja msibani kila mmoja aliondoka akijua mwenzake amezichukua. Alafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Kidole bado kipo kwenye daftari?" Nikasema kipo mama. Akaanza kulia, akaniambia huyo ni babu yake, na kwamba wakiwa wadogo walikua wanapanda kiti wanajaribu kukitoa.

Vocha ya dalali ikaisha, lakini namba nilikua nimeiandika mkononi.

Mwenzangu wa karakana akataka tuikunje tuitie kwenye bomba kama ramani. Mjomba akakataa katakata, rangi iliyopasuka hivyo ukiikunja inabanduka. Akatengeneza boksi bapa la masalia ya mninga, umeme hamna, akaranda kwa mkono siku mbili, kona zote akazikata meno na patasi, hakutumia msumari hata mmoja karibu na ile kitambaa. Ndani tukatandika khanga mbili kuukuu. Mama wa pachedi na kijana tukawalaza juu ya karatasi safi, na kile kipande cha kona kilichochanika nilikua nimekiokota, tukakiweka kwenye bahasha.

Jumatano alfajiri tukalipeleka stendi, basi la Dar. Dada wa mizigo akaliangalia lile boksi, akaligonga kwa kidole, akaandika kwenye risiti, mbao. Mjomba akasoma akamrudishia.

"Mwanangu, sio mbao. Futa hapo."

"Niandike nini mzee?"

"Andika picha ya mtu."

Akafuta, akaandika, akagonga muhuri.