Kijani cha Hombolo

Kila mwaka ifikapo Agosti, mvua ikiwa imekwisha kuiacha Dodoma kwa miezi kadhaa, vichaka hubaki vya kijivu na vumbi jekundu hufunika hata majani ya miarobaini, nami hujikuta nimenyamaza nyumbani bila kugombana na mtu yeyote. Nilidhani ni uchovu wa kazi. Jumamosi iliyopita nilikwenda Hombolo, eneo la mashamba ya zabibu huku huku Dodoma, na nilipoiona mizabibu yenye majani mabichi katikati ya ardhi ile kavu, moyo ulinitulia, nikasimama pale karibu saa nzima. Niliporudi nilipaka ukuta wa sebule, uliokuwa wa rangi ya udongo, rangi ya kijani hafifu. Sasa mama hunywa chai yake akiutazama. Desemba, mvua zikijaliwa, nje nako kutafanana na ndani.